Walikuita Normal

Okoth, omera, ndugu yangu,

Nimekasirika. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitalia, na nikilia sitaandika. Mungu nilishamwambia, kwa magoti, bila kuficha: Baba, nimekasirika na watu wako, na wa kwanza wao ni mimi.

Binti yako Awuor yuko hapa kwangu mjini, Manyatta, tangu tulipokuzika. Yuko kidato cha tatu sasa. Tangu shule zifungwe analala mchana kutwa akiangalia ukuta. Chai inapoa pale pale. Nikimwita anaitika kwa sauti ambayo ndani yake hakuna mtu. Naijua sauti hiyo. Niliisikia kwako mwaka mzima nikasema ni uvivu.

Jumapili iliyopita baba mdogo alipita hapa baada ya ibada. Alimwangalia mtoto kidogo tu, hata hakuketi, akasema, "Mpelekeni apigwe picha ya kichwa, tujue kama ni ugonjwa ama ni tabia." Maneno yale yale aliyosema juu yako, Okoth! Hata hakujisumbua kuyabadilisha.

Siku ile ulipokuja mjini kupigwa picha yako, ulitoka kwenye ule mtambo ukiwa unatabasamu. Ukaniambia, "Nyamera, dada yangu, leo ndiyo mara ya kwanza mwaka huu nimelala na hakuna mtu amenigombeza." Nilicheka mpaka watu wa kwenye benchi wakageuka. Halafu wakaleta karatasi, na kwa kuwa mimi ndiye niliyefika darasa la nane, nikaisoma mimi. Kile Kizungu chote sikukielewa, isipokuwa neno moja huko chini. Normal.

Nilipiga simu kila mahali. "Mungu ni mwema, kichwa chake ni normal!" Haki nilidhani nabeba habari njema. Tulipofika nyumbani Usenge habari ilikuwa imeshageuka: hana kitu, anajifanya. Daktari alikuwa amesema turudi nawe wiki inayofuata, ukae na mtu mzungumze. Hatukurudi. Kurudi kufanya nini, na jibu tulikuwa nalo?

Na bichi nzima, wavuvi na wachuuzi wa samaki, ikakupa jina. "Normal, njoo uangalie hii injini!" "Normal, leo umeamka saa ngapi?" Ukawa unaitika. Fundi aliyekuwa akiinamisha sikio juu ya injini ya boti na kujua shida iko wapi, akawa Normal. Siku moja ulitujibu, na sijawahi kusahau. Ulisema, "Piga picha boti yoyote hapa, kisha uniambie kama picha imekuonyesha petroli." Baba mdogo akacheka mpaka akakohoa. "Fundi amekuwa daktari!" Na mimi nikacheka. Okoth, nilicheka.

Ulipojiua, pasta alikataa jeneza lako liingie kanisani. Tulikuombea nje, juani, haraka haraka, kama watu wanaoficha kitu. Na kuna mama mmoja nyuma yangu alinong'ona, "Na alikuwa normal."

Sasa sikiliza. Kuna madam mmoja anafundisha chuoni Maseno, mambo ya ubongo, hununua omena kwangu sokoni, wale dagaa wa ziwa. Jumatatu, nikiwa bado nimemkasirikia baba mdogo, nilimuuliza kuhusu hizo picha za kichwa. Akaketi kwenye ndoo yangu akanieleza taratibu. Picha uliyopigwa wewe ni ya kuangalia kama kuna uvimbe, kama damu imevuja. Hiyo tu. Normal maana yake ni kwamba hivyo havikuonekana. Haikusema kwamba huumwi! Akasema kuna kemikali inaitwa serotonini, ambayo seli za ubongo hupelekeana habari nayo, na watafiti huko nje wana mtambo wa aina nyingine: wanamdunga mtu dawa yenye mionzi kidogo, halafu wanaangalia inashikilia wapi ndani ya kichwa. Akanionyesha kwenye simu. Rangi tupu, nyekundu na manjano.

Nikamshika mkono. Nikamwambia, nitafutie hiyo, nimpeleke Awuor, nipate karatasi ya kumtupia baba mdogo usoni.

Akatikisa kichwa. Akasema hiyo ni ya utafiti, wanalinganisha kundi la watu na kundi lingine, na haiwezi kukuambia huyu mmoja ni mgonjwa na yule si mgonjwa. Nikamwambia ulichosema kuhusu petroli. Akasema ulikuwa karibu kuliko sisi sote, ila hata si kama petroli kuisha tu, wataalamu wenyewe bado wanabishana. "Daktari anauliza, mama. Mgonjwa anajibu. Daktari anamwamini."

Kumwamini! Nilikasirika upya. Nilimkasirikia hata yeye, maskini, na omena nikampimia vibaya. Kwa sababu wewe ulitujibu kabla hatujauliza. Ulisema, "Nyamera, naumwa na sijui wapi." Ulisema kwa kinywa chako, jikoni kwa mama, na mimi nikataka karatasi.

Jumatano nilimpeleka Awuor kliniki bila picha yoyote. Baba mdogo amepiga simu akifoka kwamba namharibu mtoto, kwamba nani ataamini bila kipimo. Nikamwambia, "Mimi. Na ukimwita Normal hata kwa mzaha, usikanyage hapa tena." Sijawahi kumjibu mkubwa hivyo. Mungu anisamehe sauti, maneno siyajutii. Awuor aliniambia tukirudi, "Daktari aliniuliza nalala vipi, halafu akangoja nijibu." Wiki ijayo tunarudi. Na ile nyingine.

Sijui kama atapona upesi. Nakuahidi hili tu: hatahitaji kunithibitishia kitu.

Na kwako, kwa mwandiko wangu wa darasa la nane: Okoth alikuwa mgonjwa. Hakuwa mvivu. Hakujifanya. Nitayasema hayo mbele ya pasta, nimesimama, na anitoe nje akitaka.

Pumzika kwa Bwana, ambaye hakuomba karatasi yako. Nisamehe, omera. Naishia hapa, Awuor ananiita kutoka chumbani. Sijui anataka nini. Naenda kumsikiliza.

Dada yako,
Adhiambo