Tatu Ndani ya Pigo Moja

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe, shemeji na watoto. Goti lako linaendeleaje? Sisi huku ni wazima wa mwili. Ya moyo ndiyo yaliyonishikisha kalamu.

Mama ameniambia umekwisha kuwaita wajomba waje Jumamosi kumweka kitako mume wangu, kwa habari za yule mwanamke, mwalimu wa bendi. Soma hii kwanza.

Unajua tulijiunga na bendi ya mtaa pamoja, wote wa tarumbeta, na ni mimi niliyemfundisha kusoma noti, enzi zile akiiita mistari mitano kamba za kuanikia nguo. Tukaenda vizuri mpaka tukafika kwenye noti tatu zilizofungwa pamoja, juu yake pameandikwa tatu. Mwalimu akasema zote zikae ndani ya pigo moja, sawa kwa sawa. Mimi fundi cherehani nikafanya kama ninavyofanya kitambaa: nikalikunja pigo nusu kwa nusu, kisha nusu moja nikaikunja tena. Noti ya kwanza ikawa ndefu, mbili za nyuma zikakimbizana. Nikarudia hadi midomo ikavimba.

Mume wangu, msusi, ambaye kutwa vidole vyake vinapishanisha mafungu matatu ya nywele, akazipiga mara ya kwanza tu. Mwalimu akafurahi, akamgongea mapigo begani, akampa ile nafasi ya safu ya mbele niliyokuwa nikiililia mimi. Nikabeba tarumbeta langu nikatoka. Mama aliponikuta nalia akauliza kama ni yule mwanamke, nami nikanyamaza. Kimya hicho ndicho kilichokufikia.

Dada, hakuna mwanamke. Wanawake wangapi vichwa vyao vimo mikononi mwake kila siku, na sijawahi kununa! Kikulacho ki nguoni mwako: ninayemwonea kijicho ni yeye mwenyewe. Niliona afadhali nidhaniwe nimeibiwa mume kuliko ijulikane nimeshindwa na mwanafunzi wangu. Jana alinisuka huku akihesabu kila fungu, na kabla hajafika usawa wa sikio nikawa nimezielewa zile noti tatu. Nikamwambia bado, ili asifurahi.

Basi wajomba wabaki makwao. Wakija, waje kunisema mimi.

Nisalimie wote. Nywele amenisuka zikapendeza mno, na hilo nalo linaniuma.

Ni mimi mdogo wako,
wa safu ya nyuma