Pampu Mbili za Bibi

Jumatano, 4 Machi

Gari limetuzimikia mlimani! Bibi alikuwa anaendesha, mimi nimepakata beseni, taulo na chupa ya shampuu. Kila Jumatano Bibi humwosha nywele dada yake, ambaye hatembei tena na anaishi upande wa pili wa mlima. Kwanza ikawaka taa nyekundu yenye pembe tatu. Kisha nguvu zikapungua, zikapungua — kimya. Lori nyuma yetu likapiga honi kama limeonewa. Gari lilipopoa likakubali kuwaka, tukageuza tukateremka nyumbani. Nywele hazikuoshwa.

Jioni akaja Mjomba, hata kukaa hakukaa. Fundi wa gereji amemwambia ni inveta, lile sanduku linalogeuza umeme wa betri kubwa, na kwa haibridi, gari la petroli na umeme, kuukuu kama letu ni heri kuuza.

"La kuvunda halina ubani, Mama. Gari limezeeka."

"Na mimi je? Mnunuzi wangu umeshampata?"

Nilichekea ndani ya kikombe. Mjomba hakucheka. Aliuliza lile lori lingekosa breki ingekuwaje, na sauti yake ikapasuka kidogo. Kumbe haikuwa hasira, ni woga.

Wamepatana hivi: Jumapili watapanda mlima pamoja. Gari likizima, funguo anachukua Mjomba, na Bibi haendeshi tena. Si hili tu. Gari lolote!

Bibi alikubali haraka mno.

Alhamisi, 5 Machi

Kwa nini sanduku la umeme lihitaji maji? Nimemfuata mwalimu wa sayansi hadi mlangoni mwa ofisi ya walimu. Anasema umeme ukipita huacha joto, na ndani ya inveta hupita mwingi. Kwa hiyo gari letu lina maji ya mafungu mawili! Ya injini, na ya inveta, yenye kopo lake na pampu yake ndogo ya umeme. Akasema kabla sijamzika mtu, nihakikishe kwanza kama amekufa.

Nilipofika nyumbani sikuvua hata sare. Nikamwomba Bibi awashe gari, nikafungua kifuniko cha kopo. Pampu ikiwa nzima, maji hucheza. Haya yetu ya rangi ya waridi yamelala tuli. Niliuona uso wangu humo, na pua yote!

"Bibi, inveta haijafa. Ina kiu."

"Basi tuinyweshe."

Ijumaa, 6 Machi

Duka la spea. Pampu mpya hakuna, iliyotumika ipo. Muuzaji akauliza fundi wetu ni nani. Bibi akaninyooshea kidole. Muuzaji akazitazama soksi zangu nyeupe, akasema, "Haya, fundi, karibu." Akaigusisha pampu kwenye betri — ngrrr! Nikaomba niishike. Inatekenya kiganja! Kitu kidogo hivi, ndicho kinachozuia gari zima lisiungue.

Jumamosi, 7 Machi

Nimechoka, ila niandike.

Kwanza tulichomoa waya wa betri ndogo kwenye buti. Nyaya nene za rangi ya machungwa hatukuzigusa kabisa, mwalimu alinionya mara mbili. Kisha bampa. Bibi alishona nguo za watu maisha yake yote, na gari amelifumua kama gauni: kila skrubu juu ya kitambaa cheupe, imezungushiwa chaki na kuandikiwa ilikotoka. Tukamwaga maji kwenye ndoo. Mimi nikabana klipu kwa koleo, nikavuta mipira ya maji, na pampu ikatoka, imevaa matope. Mikono yangu midogo, inayochekwa kwenye netiboli, ndiyo pekee iliyopenya!

Tukala. Tukarudi, tukafunga pampu, tukajaza maji. Bibi akawasha.

Maji yamelala.

Nikasema ni hewa. Tukalegeza kidude cha kutolea hewa, mapovu yakatoka, yakaisha. Bado yamelala. Bibi akasema, "Labda mjomba wako..." Hakumalizia. Sijawahi kumsikia Bibi akiacha sentensi njiani.

Jumapili, 8 Machi

Nimeamka na swali moja: jana, ngrrr niliisikia? Hapana! Nilikodolea maji tu, pampu sikuigusa.

Nikakimbilia kwenye kitambaa. Pampu iliyobaki iko pale, safi, inang'aa. Lakini hata tuliyoifunga ilikuwa safi. Ya matope iko wapi?

"Niliiosha ulipokuwa bado unakula," akasema Bibi. "Kwa sabuni na mswaki. Ulitaka niilaze vile juu ya kitambaa changu cheupe?"

Nikaigusisha iliyobaki kwenye betri. Ngrrr!

Tumekula wa chuya! Tumemtoa mgonjwa, tumemwogesha, tumemrudisha kitandani! Bibi alikaa juu ya ndoo akacheka hadi akajifuta macho kwa upindo wa gauni.

Tukaanza upya. Mjomba akafika na shati lake jeupe, bampa bado iko chini.

"Mama! Mmelichinja?"

"Shika tochi," akasema Bibi.

Akashika! Akauliza huu mpira unakwenda wapi, na ule je. Nikamweleza. Bibi alipowasha, mimi na Mjomba tuliinamia kopo, vichwa vikagongana. Povu moja. La pili. Kisha maji yakajikunja, yakazunguka.

"Yanacheza," Mjomba akanong'ona. Halafu akakumbuka yeye ni nani, akakohoa. "Mlima bado."

Wamekwenda. Bibi kwenye usukani, Mjomba pembeni, shati lina doa la waridi. Mimi nimeachwa nipokee simu likizima. Nimekaa kizingitini na simu gotini. Ubaya wa gari hili, likiteremka halina sauti. Siwezi kulisikia likija.

Wangekuwa wamesharudi.

Nimeingia ndani kuchukua tambara la kufutia mikono. Kiti kilichobeba vitu vya Jumatano ni kitupu. Beseni halipo. Taulo halipo. Nimetafuta shampuu hadi bafuni.

Na leo si Jumatano. Ila nywele za Jumatano hazikuoshwa.

Nimerudi kizingitini. Simu imeanza kutetemeka, inatekenya goti. Ni Mjomba —