Miaka Tisa Niliyoificha

S.L.P. 318,
Nyuma ya Kiwanda cha Sabuni,
14 Juni

Mpendwa mwanangu, kifungua mimba wangu,

Marahaba, maana najua shikamoo yako iko njiani. Hujambo? Mkwe wangu hajambo? Na wajukuu wangu ninaowajua kwa simu tu, Kidoti na kaka yake, wanakula vizuri? Mimi mzima. Magoti yanalalamika nikipanda ngazi, lakini mdomo, kama ujuavyo, hauna ugonjwa.

Dada yako amepaka rangi sebule. Imependeza, ila harufu yake imeniumiza kichwa siku tatu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, ile viza ya wazazi ya kuja kukaa kwenu miaka miwili. Unakumbuka fomu zilivyorudishwa mara ya kwanza. Cheti chako cha kuzaliwa kinasema mimi ni mama yako, na kitambulisho changu kinasema nilikuwa na miaka kumi na moja ulipozaliwa. Yule dada wa dirishani alinitazama, akatazama karatasi, akanitazama tena. Niliona aibu, mwanangu.

Sababu unaijua, ila hujawahi kuisikia kwangu. Baba yako alipofariki nilikuwa na miaka thelathini na tatu, na chumba cha kufulia cha hospitali kilitaka wanawake wasiozidi ishirini na tano. Nikasema nina ishirini na nne. Karani akacheka, akaandika, na kitambulisho nacho kikafuata hivyo hivyo. Nimefua mashuka ya wagonjwa kwa umri huo wa uongo, nikastaafu nao, nimechoka kuliko wenzangu wote na sina wa kumweleza kwa nini.

Uliponiambia kwenye simu niandike kwamba mimi ni mama yako mlezi, najua ulitaka tu nifike. Siku ile sikukasirika. Nilikasirika kesho yake, nikimenya viazi. Mlezi! Uchungu wa siku mbili aliusikia nani? Tena ukasema watoto mtawafundisha la kujibu wakiulizwa. Hapo ulinichoma. Sitaki mjukuu wangu afundishwe kunikana ili nipate kumpakata.

Basi nikaenda na dada yako kwa wakili, kula kiapo. Akanionya kwamba nikikiri kudanganya umri, watu wa viza wanaweza kunifungia mlango kabisa, afadhali nikafikirie kwanza. Nikamwambia, "Andika. Huyu nimemzaa mimi, na aliyedanganya ni mimi." Nikatia sahihi. Dada yako alikuwa analia, mimi nikamwambia anishikie mkoba.

Jibu limekuja Jumatatu. Wamekubali kwamba mimi ni mama yako. Viza wameninyima kwa ajili ya ule uongo, na siruhusiwi kuomba tena mpaka ipite miaka kumi. Kwa kitambulisho nitakuwa na sitini na tisa. Kwa mwili huu, sabini na minane.

Sitakuficha, nimelia. Nguo nilizomshonea Kidoti nimezitoa sandukuni, nazituma pamoja na barua hii kabla hazijambana. Usijilaumu, na mimi usinilaumu. Ningekuja kwa jina la mlezi ningekaa kwenu miaka miwili nikiogopa kila anayebisha hodi, na kuogopa nimeogopa vya kutosha nilipokuwa kazini.

Nakuomba kitu kimoja tu. Mkipata likizo, njooni ninyi. Hiyo miaka kumi wameihesabu wao, mimi sina.

Mpe pole mkwe wangu, najua alishanitandikia kitanda. Wabusu Kidoti na kaka yake. Dada yako anawasalimu, na fundi viatu wa hapa jirani bado anakuulizia kila nikipita. Mungu awalinde mkitoka na mkirudi, na awape usingizi mwema huko mliko.

Ndimi nikupendaye,
Mama yako mzazi,
miaka sitini na minane.