Tende za Harusi ya Hadiya

Kirumba, Ilemela,
Mwanza.
2 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Faisal,

Assalaam alaykum. Shikamoo yako niliikuta ndani ya kifurushi, marahaba sana. Je, kile kikohozi kimekuachia? Baridi ya Birmingham isikuonee. Sisi huku ni wazima, mvua zimekatika, na upepo wa ziwa unakausha nguo kabla hatujamaliza kuzianika. Habari hii ningekupa kwa simu, ila Mama amekataa. Anataka iandikwe, uisome zaidi ya mara moja.

Kwenye simu nilikuwa nakuficha, mdogo wangu. Tangu kiharusi kilipomlegeza mkono wa kulia, Mama hakukanyaga jikoni. Alianza hata kugawa masufuria yake. Harusi ilipokaribia, mpwa wako Hadiya alimwomba bibi yake zile tende za kujaza korosho, alizotengeneza kwenye harusi zetu zote. Mama akamjibu, "Nunueni dukani," akageukia ukutani.

Ndipo kikafika kifurushi chako chenye kifaa cha kutoa kokwa. Tulikigeuzageuza wote: kama koleo, upande mmoja kitundu, upande wa pili kijiti cha kusukumia kokwa nje. Mama akakijaribu kwa mkono wa kushoto, vidole vyake vya uzee vikashindwa kukibana. Alikiweka mezani taratibu, akaenda kulala. Mimi nikajifungia bafuni nikalia.

Shemeji yako Seif alikichukua hadi karakanani kwake, akakifunga kwa skrubu juu ya ubao mzito, akachomelea mpini mrefu, ili mtu asikaze vidole bali aegemeze kiganja tu. Tende ya kwanza ilipondeka. Kijiti kilikuwa kinene, kimetengenezwa kwa matunda ya huko yenye kokwa za duara. Akakichonga kikawa chembamba.

Tuliporudia, Mama aliegemea mpini, kokwa ikachomoka nzima ikadondoka kwenye sahani. Akaisogeza pembeni ya sahani kwa kidole.

"Lete nyingine," akasema.

Kesho yake alimtuma Hadiya akayafuate masufuria nyumba kwa nyumba, bila haya yoyote.

Faisal, kokwa zote alizitoa yeye. Kazi yangu ilikuwa kujaza korosho, na hata hapo nikagombezwa kwamba nazijaza kupita kiasi. Jirani yetu Bi Gulbanu alikuja kusaidia, akaambiwa akae anywe chai. Sijawahi kufurahia kugombezwa namna ile.

Siku ya harusi masinia yalipotoka, Mama alisimama mbele ya Hadiya, akachukua tende kwa mkono wa kulia, ule uliolegea. Mkono ulitetemeka njia nzima. Bi Gulbanu alitaka kuushikilia, nikamvuta mtandio. Ukapanda polepole, ukafika mdomoni kwa bibi harusi. Hadiya akala huku machozi yanamtoka, na vigelegele vilipigwa mpaka wanaume nje wakadhani wamekosa jambo. Kweli walikosa.

Seif anakusalimu, na Bi Gulbanu pia. Hadiya na mumewe wako Magu, wanakushukuru. Mama anakuombea riziki ya halali, afya, na mke atakayekubali kugombezwa jikoni kwake.

Dada yako akupendaye,
Sihaba