Nimemtoa Mama Mkwe Nje

Baba watoto,

Chakula kiko kwenye sufuria, pasha moto. Anua sare zangu, mvua isizikute. ~~Mtoto anywe dawa saa nane.~~ Mtoto haumwi, mpe chakula tu.

Majirani watakwambia nimemfukuza mama yako. Ni kweli. Leo ni siku ya tisa sijapumzika, wodi nzima niko peke yangu. Asubuhi nilimkuta ameketi kitandani kwa mtoto, nikamwambia, "Mama, muda wa kuona wagonjwa umekwisha." Nikamshika mkono hadi nje, nikafunga mlango.

Nilipozinduka, nilimfuata nikampigia magoti. Akasema, "Inuka mwanangu, twende wote."

Anakwenda kuketi ofisini kwa matroni mpaka nipewe likizo. Amechukua na mto wako.

Mama watoto