Waya Uliofukiwa Kati ya Tansy na Baraza ya Alcide

Mama Ernestine mpendwa, mshauri wetu wa gazeti la bondeni, nishike mkono kabla malori ya viazi hayajajaa barabarani, maana mimi Rosaire si mtu wa kuomba ushauri, watu ndio huja kwangu, na shule niliiacha mapema ikapata hasara yenyewe, na dubu niliwahi kumfukuza kwa kikaango cha chapati hadi akaingia Kanada bila pasipoti, lakini jambo la mbwa huyu limenishinda.

Tansy ni mbwa wa kunusa, jike, masikio yanaburura umande, alikuwa wa kaka yangu Alcide hadi Alcide alipoanza kusahau mambo akapelekwa nyumba ya wazee mjini, na nyumba yake, iliyo ng'ambo ya barabara ikitazamana na yangu, ikauzwa kwa mama mmoja kijana, Noreen, Tansy akabaki kwangu. Kila alfajiri ukungu ukilala juu ya mashamba, Tansy huvuka, miguu haionekani, utadhani anaogelea kwenye maziwa, anapanda baraza ya Alcide anakaa akiutazama mlango, nami nasimama dirishani na kahawa yangu, na kuna asubuhi, usinicheke, nauona mlango unafunguka na Alcide anatoka na soksi zake za sufu, anainama, anamkuna sikio, halafu ukungu unasogea, hakuna mtu.

Basi Delphine, binti wa Alcide, akanijia juu: "Ba'mdogo, mavuno haya, malori yatamsaga. Weka ule uzio usioonekana." Yaani waya unafukiwa ardhini, mbwa anavaa kola yenye kidude, akiukaribia kinalia, akizidi kinampiga shoti. Fundi akaja, akafukia, akachomeka vibendera vyeupe pembeni mwa waya, akasema nimtembeze hapo kwa kamba wiki mbili ajifunze mpaka. Nikamwambia, "Kijana, mimi kuna mbwa nilimfundisha kuhesabu viazi kwa siku moja." Kola nikaijaribu kwanza shingoni mwangu, meno yakashika redio ya Quebec, nikaona haina neno, nikamvisha.

Kesho yake Tansy akapita. Alilia mara moja tu, akapita, akaenda kukaa pale pale barazani. Kurudi ndiko kulikomshinda, alifika ukingoni kidude kikalia, akakumbuka, akarudi nyuma akakaa katikati ya lami ndani ya ukungu, mimi namwita, kola inamkataza, na lori la kwanza likatokea. Dereva alikwepa hadi mtaroni. Noreen akakimbia na nguo za kulalia akambeba, akanifokea, "We mzee, unafanya nini lakini?"

Fundi anasema niongeze nguvu ya shoti. Delphine anasema nisipoongeza atamtoa Tansy kwa watu wa Portland. Alcide mwenyewe siwezi kumuuliza, siku hizi ananiita fundi bomba, kwa hiyo nimeacha kwenda kumsumbua. Niongeze?

Rosaire, wa njia ya viazi, kaskazini mwa Maine

*

Rosaire,

Pole, na toa mkono kwenye hicho kitufe! Uzio huo unamfaa mbwa aliyefundishwa taratibu na asiye na kinachomvuta upande wa pili. Wako anavutwa kila alfajiri. Akienda atavumilia shoti, kwa sababu kuna mlango anaoutaka; akirudi, kilichobaki mbele yake ni shoti tu. Ukiongeza nguvu utakuwa umemfungia nje, tena barabarani. Na waya hauzuii mbwa mwitu kuingia, wala huyo dubu wako.

Fundi alikwambia wiki mbili, wewe ukaleta hadithi ya viazi. Mbwa hajui kama unajisifu, babu! Anajua tu kwamba shingo inauma.

Mvue kola leo. Jenga uzio wa mbao nyuma ya nyumba, mbao anazoziona kwa macho yake, na hadi ukamilike asitoke bila kamba. Alfajiri shika kamba hiyo uvuke naye wewe mwenyewe, baada ya kumwomba Noreen radhi na ruhusa ya kukaa kidogo pale barazani. Mweleze Delphine hivyo hivyo. Yeye anaogopa lori, hana ugomvi na wewe.

Halafu kuna hili. Dubu umempa nafasi, redio umeipa nafasi, na habari ya kuacha kwenda kwa kaka yako umeichomeka mwishoni kama neno la kuaga mlangoni. Wanaousubiri mlango ule ni wawili, mmoja barazani, mmoja dirishani, na Alcide hatatokea hapo tena. Yuko mjini. Piga simu uulize kama wanaruhusu mbwa, kisha Jumapili mpandishe Tansy kwenye pikapu mwende. Jina lako huenda limemtoka. Sikio la Tansy huenda mkono wake bado unalijua. Akikuita fundi bomba, muulize bomba linavuja wapi, vuta kiti, ukae.