Kabla Hujaja Kuuona Upanga

Yokosuka,
Tarehe 19 mwezi wa nane, mwaka wa 23 wa Meiji

Kwa Dada yangu Shige, uliyenilea,

Pokea salamu zangu za kupiga magoti mpaka paji la uso liguse mkeka, kama ulivyonifundisha, ingawa siku hizi suruali ya jeshi inanibana nikijaribu. U hali gani, dada? Mgongo je, bado unakusumbua ukikaa sana kufuma kwenye kitanda cha mfumi? Huku joto limegoma kuondoka, na nyenje wanapiga kelele tangu alfajiri mpaka mtu unatamani kuwafokea. Nasikia huko kwetu Shonai mpunga umesimama vizuri na maharage ya dadacha, yale laini matamu, yameiva. Tafadhali usiyataje tena kwenye barua, maana haya tunayopewa hapa ni magumu kama risasi za bunduki. Mimi ni mzima, nakula, nalala, na mashavu yamenenepa kidogo, basi usishtuke ukiniona.

Barua yako ya mwezi uliopita nimeipata. Umesema utavuka milima mpaka Sendai, upande gari moshi kwa mara ya kwanza maishani mwako, uje huku mwezi ujao kwenye kumbukumbu ya ishirini na tatu ya baba, ufukize ubani mbele ya upanga wake ndani ya chumba changu melini. Nimeisoma mara nne. Nitakujibu, dada, ila nivumilie kwanza, kwa sababu nina habari ambayo nikiichelewesha nitapasuka.

Mimi ni nahodha! Kaa chini kama umesimama. Tangu juzi manowari Tamayura, iliyojengwa hapa hapa Yokosuka kwa mikono yetu wenyewe, iko chini yangu: mizinga minne, watu mia na ishirini, na bomba moja la moshi ambalo nalipenda kama mtoto. Nilipopanda ngazi filimbi zikalia, watu wote wakasimama wima sitahani, na mimi, Togashi Yasunori, mtoto wa watu walioshindwa vita, nikapita katikati yao. Nilitakiwa kutoa hotuba. Nilikuwa nimeiandaa siku tatu. Ikapotea yote, nikabaki nasema kwamba nashukuru na kwamba sitaha ni safi. Wakacheka, na mimi nikacheka, na mambo yakaisha vizuri kuliko ile hotuba.

Unamkumbuka Kamesuke, yule serehangi wa mabaharia niliyekuwa nakuandikia habari zake, mtu wa visiwa vya Shiaku, mwenye shingo kama gogo? Nimemwomba aje nami, akaja. Siku ile alikuwa analia waziwazi huku akiwakemea vijana kwamba yeyote atakayemwangalia atasugua sufuria mwezi mzima.

Nani angedhani, dada? Nilipoingia chuo cha wanamaji darasa zima walikuwa watoto wa Satsuma, waliotushinda katika vita ile iliyomuua baba. Nikifungua mdomo tu wanaangua kicheko kwa lafudhi yangu. Waliniita Mpanda Figili. Waliniuliza kama kwetu watu huogelea kwenye theluji. Nilivimba kwa hasira. Halafu tukapelekwa kwenye kamba na lami, na huko tukawa sawasawa: watoto wa masamurai sote, hakuna aliyewahi kushika kamba isipokuwa ya kufunga kofia ya chuma, na sote tunafundishwa na wavuvi kufunga fundo. Wenzangu wengine waliona aibu mpaka machozi. Mimi nilikuwa nimeshakuona wewe, binti wa samurai, ukifuma nguo za kuuza ili nipate kula, nikajiambia kamba ni nini. Nikafunga mafundo mpaka vidole vikatoka damu, nikawa wa pili darasani. Wa kwanza alikuwa mtoto wa Satsuma, lakini lile bichwa lake lilikuwa kubwa kupita kofia zote za chuo, na hilo lilinifariji sana.

Sasa nifike kwenye upanga.

Najua ulichofanya kwa ajili ya ule upanga mfupi. Ulikuwa na miaka kumi na sita, mimi kumi. Washindi walipokuja kukusanya silaha nyumba hadi nyumba, uliuzamisha ndani ya pipa la figili za chumvi, ukakaa juu ya kifuniko ukijifanya unamenya nyingine, na yule askari akakuomba umwonjeshe. Ukamwonjesha! Baadaye ukauza majoho ya harusi ya mama, ukauza sahani, ukauza hata nywele zako, lakini upanga hukuuza. Siku naondoka ukaufunga kwa mshipi wa mama wa hariri, ule wa rangi ya zambarau, ukanipa kwa mikono miwili. Ulikuwa bado unanuka figili. Uliniambia baba anakwenda baharini pamoja nami.

Na kila mwaka umeniuliza kama upanga u salama, na kila mwaka nimekujibu kwamba uko mahali pake.

Nilikuandikia, miaka tisa iliyopita, kwamba meli yetu ya wakati ule, Tokonami, ilikaribia kuvunjika kwenye ukungu karibu na Izu, na kwamba tulipona. Nilikuandikia nusu, dada. Nusu ya pili ni hii.

Nilikuwa afisa wa kuongoza njia. Nahodha wetu alikuwa Nakazono, mtu wa Satsuma, mrefu, mkali, na meno yake meusi kwa tumbaku. Alitoa amri kwamba panga zote za maafisa zikafungiwe kabatini nyuma, mbali na dira, kwa sababu chuma huivuta sindano. Nilikuwa nimesoma hayo chuoni, nimeyajibu kwenye mtihani, nimepata alama zote. Lakini ilipotoka kinywani mwa mtu wa Satsuma, sikusikia dira. Nilisikia wale askari wakigonga mlango wetu wakidai silaha. Nikasema moyoni, thubutu! Ule mrefu wa jeshi nikauweka kabatini kama wenzangu. Huu wa baba, asubuhi tulipong'oa nanga, nikauingiza pamoja na mshipi wake kwenye kijikabati cha mbao kilicho chini ya dira. Nilijiambia baba ataongoza meli pamoja nami. Upumbavu wa namna hii unahitaji mtu aliyesoma.

Mchana ukungu ukashuka, mzito, hata mlingoti wa mbele hauonekani. Nikaongoza kwa dira, kifua mbele. Kamesuke alikuwa pembeni akitupa timazi, lile bonge la risasi lililofungwa kamba, la kupimia kina. Akaja akainama, akaniambia kwa adabu kwamba bwana mkubwa amsamehe, lakini timazi linaleta kokoto, na kokoto maana yake nchi kavu iko karibu. Nikamwambia dira inasema tuko mbali. Akarudi, akatupa tena, akaja tena. Safari hii hakuinama sana. Akasema, "Bwana, dira yako sijui imekula nini leo, lakini mimi nasikia harufu ya misonobari."

Na kweli, dada, hata mimi nilikuwa naisikia. Nilikuwa naisikia kwa muda na nimenyamaza, kwa sababu sikuweza kukubali kwamba mvuvi ananifundisha. Hapo ndipo nilipokumbuka kilichokuwa chini ya dira. Nikapiga magoti, nikafungua kijikabati, nikautoa upanga. Sindano ikageuka mbele ya macho yangu, ikaenda, ikaenda, na iliposimama nikajua kwamba gubeti letu, pua ya meli, limeelekezwa moja kwa moja kwenye miamba.

Nikapiga kelele injini zirudishe nyuma. Kamesuke akatupa timazi. Likanasa kati ya mawe, kamba ikakatika. Lingine lilikuwa ghalani chini, na kila pumzi ilikuwa hatua moja karibu na mwamba, mbele, kushoto, kulia, hatuoni kitu. Nilikuwa na upanga mkononi. Nikamwambia Kamesuke aufunge kwenye kamba. Akakataa! Akasema mikono yake ni ya samaki, haiwezi kugusa upanga wa samurai. Nikamfokea, "Funga, baba'ngu, funga, kwanza upanga wenyewe ulikaa ndani ya figili!" Akauinamia mara moja, haraka, kama mtu anayeomba radhi, akaufunga chini ya kikingio cha mkono, akautupa.

Mara ya kwanza tukapata pima tatu. Mara ya pili, mbili na nusu, na nikasikia kwa masikio yangu ncha ikigonga jiwe. Nikageuza usukani kulia. Mara ya tatu, nne. Mara ya nne, sita. Mara ya tano, saba, na hapo ulinasa, kamba ikakaza, ikapiga kama ugwe wa upinde, na mkononi mwa Kamesuke kukabaki kipande kitupu. Lakini tulikuwa tumeshatoka. Watu mia na themanini, dada, hakuna hata mmoja aliyelowa. Upanga wa baba uko chini ya bahari ya Izu. Sina. Sijawa nao kwa miaka tisa.

Kabla ya jua kuchwa nilikuwa shujaa. Meli nzima walisimulia jinsi Togashi alivyotoa upanga wa baba yake kuwaokoa. Wale wa Satsuma waliokuwa wakiniita Mpanda Figili walikuja mmoja mmoja kunimiminia sake. Aliyejua kilichokuwa chini ya dira ni Kamesuke peke yake, na yeye aliniambia kwamba macho yake ni mabovu siku za ukungu. Ningeweza kunyamaza. Na kusema kweli, nilitamani kunyamaza.

Asubuhi nilikwenda kwa Nahodha Nakazono, nikamwambia yote, nikavua kofia nikaiweka mezani kwake. Alinitukana kwa kilugha cha Satsuma muda mrefu mpaka chai yake ikapoa. Akaninyang'anya kazi ya dira mwaka mzima, akanipeleka chini ya Kamesuke nikatupe timazi pamoja na mabaharia, mvua na jua. Mwaka ule ndio ulionifanya baharia. Kamesuke hakunionea huruma hata kidogo, na mpaka leo nikishika matope ya chini ya bahari naweza kukuambia ni ya wapi.

Juzi, baada ya filimbi, Nakazono alikuwa amesimama nyuma ya wageni, mzee sasa, meno yale yale. Ni yeye aliyepeleka jina langu ili niwe nahodha. Nilimuuliza kwa nini, wakati watoto wa nyumbani kwake wako tele. Akasema, "Maafisa wa kusoma sindano ninao wengi. Aliyekuja mwenyewe kuniambia kwamba nusura aniue ninaye mmoja tu." Kisha akaniuliza kama nimeshamwambia dada yangu. Nikaanza kuinyoosha kofia yangu. Akacheka mpaka akakohoa. Aliona wazi kwamba hasira zake nilizikabili asubuhi moja, na zako nimezikimbia miaka tisa.

Basi sikimbii tena. Nisamehe, dada. Ulikaa juu ya lile pipa kwa ajili ya kitu ambacho mimi nilikitumia vibaya kwa kiburi. Naona aibu, na utaona hapa wino umemwagika.

Lakini mshipi wa mama ninao. Ulibaki ndani ya kijikabati siku ile. Hariri haiisumbui sindano hata chembe, nimepima mwenyewe mara nyingi. Tangu juzi umekunjwa chini ya dira ya Tamayura, na ukiusogeza puani, pamoja na miaka yote hii, bado unanuka figili zako. Ukija, ubani tutaufukiza hapo. Na siku ya kumbukumbu yenyewe nimeomba ruhusa, nikaipata, kuipeleka Tamayura mpaka bahari ya Izu. Kamesuke atatupa timazi mwenyewe, nami nitakuonyesha mahali pa baba. Najua kina chake: pima saba, chini ni mawe.

Kama hasira haziruhusu, usipande gari moshi. Nitaelewa, nitakuja mimi kupiga magoti kizingitini kwako. Ukija, njoo na maharage, na pipa dogo la figili. Watu mia na ishirini wamenisikia nikizisifia na wanadhani natia chumvi.

Nisalimie majirani wote, na yule mjane wa mbele ya hekalu umwambie mashavu yangu yamenenepa, atafurahi. Funika mgongo wako jioni. Kamesuke ameniona naandika, anasema naye anakuinamia.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kosa na mwenye furaha,

Togashi Yasunori
Nahodha wa Tamayura